Mlio wa Jenereta na Sauti ya Koko

Wiki hii ni zamu yetu sisi wa meza ya sauti kuandika. Tunajua wengi hapa huandika kuhusu safari, shule na maisha ya kambi. Sisi tutaandika kuhusu hesabu. Msitukimbie. Hesabu hii ilituingia kwa sababu ya aibu, na tukiimaliza hii hadithi mtaelewa.

Tuko watatu kwenye hiyo meza, Wacongo wawili na Mrundi mmoja. Wote tulimaliza kidato cha nne hapa Kakuma, wote ni wa kujitolea. Kazi yetu ni kurekodi wazee. Mzee anakaa, anaongea, sisi tunarekodi, halafu familia inapewa nakala kwenye flashi au kwenye simu. Ni kazi rahisi, ndivyo tulivyofikiri.

Mwaka jana tulimrekodi mama mmoja mzee kutoka upande wa Fizi. Tulimwita Koko, kama Wacongo wengi wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa na zaidi ya miaka 70 na kichwa chake kilikuwa kama daftari. Alijua nani alizaliwa na nani, nani amezikwa wapi, shamba la baba yake linaanzia mti gani na kuishia kijito gani. Aliongea dakika 47 bila kupumzika, mara anacheka, mara anapiga meza kwa kiganja. Sisi tulikaa tu tukimtazama mdomoni.

Kosa letu lilikuwa hili. Betri ya laptopu yetu ilikufa zamani, inawaka ikiwa kwenye chaja tu. Siku hiyo sola ilikuwa haina nguvu, kwa hiyo chaja ilichomekwa kwenye jenereta, kwa soketi isiyo na waya wa kwenda ardhini. Na hakuna hata mmoja wetu aliyevaa hedifoni wakati wa kurekodi. Jioni ndiyo tukasikiliza. Nyuma ya sauti ya Koko kulikuwa na mlio, mmmmmmm, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama nyuki kwenye jerikeni.

Tukasema tutarudi kumrekodi tena. Wiki ya kwanza ilikuwa siku za kugawa chakula. Wiki ya pili mvua ilinyesha na laga ikajaa, hatukuvuka. Wiki ya tatu na ya nne ilikuwa ni uvivu wetu tu, tusidanganyane. Wiki ya tano Koko akaugua, na hakuamka tena.

Kwenye matanga mjukuu wake wa kike alitufuata pembeni akauliza, "Ile sauti ya Koko, si mnayo?" Tukajibu tunayo. Hatukuwa na uso wa kumwambia ilivyo.

Hapo ndipo tulipoanza kusoma kuhusu vichujio.

Kwanza tulijaribu njia ya mkato. Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, ina sehemu ya kupunguza kelele. Tukaibonyeza. Mlio ulipungua kweli, lakini Koko akawa anaongea kama mtu aliyetumbukia kwenye tangi la maji. Labda sisi hatukujua kuipanga vizuri. Ila ile programu ilitusaidia jambo moja kubwa: ilituonyesha picha ya sauti, yaani ni mitetemo gani imo ndani na kwa nguvu gani. Tukaona vichuguu vitatu vimesimama: kimoja kwenye hezi 50, kingine 100, kingine 150. Hezi 50 ni mara 50 kwa sekunde, ndiyo mwendo wa umeme wa Kenya na wa jenereta zetu. Hizo nyingine ni watoto wake, mara mbili na mara tatu. Sauti ya Koko yenyewe mara nyingi ilianzia karibu na hezi 180 na kupanda.

Basi tukasema, si kazi ni rahisi? Kata kila kitu kilicho chini ya hezi 130. Milio miwili mikubwa itakufa, Koko atabaki.

Sasa, kwa wale ambao hawajawahi, tuwaeleze kidogo kichujio cha kidijitali ni kitu gani. Msifikirie mashine. Sauti ikishaingia kwenye kompyuta ni orodha ya namba tu. Yetu ilikuwa na namba 16,000 kwa kila sekunde. Chukua namba tano zinazofuatana, zijumlishe, gawa kwa tano, andika jibu mahali pa ile ya katikati. Sogea hatua moja, rudia. Ukifika mwisho utakuta mabadiliko ya haraka yamelainika na ya polepole yamebaki. Hicho tayari ni kichujio. Kinapitisha sauti nzito na kuzuia nyembamba, kama chujio la chai linavyopitisha chai na kuzuia majani. Kugawa kwa tano ni sawa na kuzidisha kila namba kwa 0.2, na hizo 0.2 tano ndizo vizidishi. Ukibadilisha vizidishi, unabadilisha kinachopita. Na ukitaka kuzuia sauti nzito badala ya nyembamba, unatengeneza kwanza kichujio kinachopitisha nzito, halafu unatoa jibu lake kwenye sauti ya mwanzo. Kilichobaki ndicho unachotaka.

Hesabu inakwambia hata vizidishi vya kichujio kamili, kile ambacho kingekata kwenye hezi 130 kama kisu. Ni wimbi la saini, lile tulilochora darasani, limegawanywa kwa umbali kutoka katikati. Lina mlima mmoja katikati na vilima vinavyopungua kulia na kushoto. Shida ni moja: vilima hivyo haviishi. Vinapungua, vinapungua, lakini haviishi. Kichujio kamili kinahitaji vizidishi visivyo na mwisho, na sisi tuna laptopu yenye betri iliyokufa.

Tukafanya kile ambacho kila mtu angefanya. Tulibakiza vizidishi 881, yaani 440 kila upande na kimoja katikati, tukatupa vingine vyote. Tukaandika mistari michache ya Python, tukapitisha dakika 47 za Koko, tukavaa hedifoni.

Mlio ulipungua. Lakini kila Koko aliponyamaza kuvuta pumzi, bado ulikuwepo, mdogo, umejificha.

Mmoja wetu akasema, ongeza vizidishi, juu inaonekana 881 ni vichache. Tukaongeza hadi 8,001. Tukasubiri mpaka chai ikapoa. Safari hii mlio ulizidi kushuka, lakini kikazaliwa kitu kipya. Kila mahali Koko alipopiga meza kwa kiganja, ulisikia mtetemo mzito unalia kabla ya kiganja kufika mezani. Kabla! Kama mwangwi uliotangulia sauti. Tukatazamana. Mrundi wetu akasema, "Sasa tumeleta uchawi."

Haukuwa uchawi. Kwenye kitabu tulichokuwa nacho ndani ya laptopu tukakuta kwamba jambo hili lina jina. Mmarekani J. Willard Gibbs aliandika juu yake katika jarida la Nature mwaka 1899, na Mwingereza Henry Wilbraham alikuwa ameshaliona mwaka 1848. Ukilikata ghafla wimbi lisilo na mwisho, pale kwenye ukingo wa kichujio chako yanatokea mawimbi madogo, na lile la kwanza linazidi kwa karibu asilimia 9. Ukiongeza vizidishi, mawimbi yanasogea karibu zaidi na ukingo, lakini urefu wa lile la kwanza haupungui. Hata uweke milioni. Na kwa sababu vizidishi vyetu vimekaa sawasawa pande mbili, kila kishindo kinaacha mtetemo kabla na baada yake. Kwa vizidishi 8,001 ni robo sekunde kila upande. Robo sekunde sikio linaisikia.

Kwa hiyo tatizo halikuwa uchache wa vizidishi. Tatizo lilikuwa namna tulivyokata.

Hapo ndipo dirisha linapoingia. Ukiangalia nje kupitia dirisha unaona kipande tu cha kijiji. Sisi tulikuwa tumeweka dirisha la mstatili: ndani yake kila kizidishi kimebaki kama kilivyo, nje yake sifuri. Wataalamu walisema, usikate hivyo. Fifisha. Katikati acha kila kitu kamili, halafu kadiri unavyokwenda pembeni punguza polepole mpaka karibu na sifuri. Wimbi linafika mwisho likiwa limeshachoka, halikatwi likiwa na nguvu.

Dirisha tulilotumia linaitwa la Hamming, kwa jina la Richard Hamming, Mmarekani aliyefanya kazi Bell Labs. Kanuni yake unaweza kuipiga kwenye simu: 0.54 toa 0.46 mara kosaini. Kosaini ile ile ya kidato cha tatu, izunguke duara moja zima kutoka kizidishi cha kwanza hadi cha mwisho. Kwa vizidishi vitano unapata 0.08, 0.54, 1, 0.54, 0.08. Unazidisha kila kizidishi chako kwa namba yake, basi. Kwa 881 ni hivyo hivyo, ila ni kompyuta inayofanya. Baadaye tuligundua kwamba SciPy, maktaba ya bure ya Python, ina amri inayoitwa firwin inayofanya yote haya kwa mstari mmoja, na usipoiambia lolote inatumia Hamming yenyewe. Tulicheka kwa uchungu. Lakini tungeanza na amri hiyo tusingeelewa chochote.

Hamming hayuko peke yake. Tuliandika kwenye karatasi tukaibandika ukutani, na tunawaandikia hapa:

Mstatili: unazuia kwa karibu desibeli 21. Namba yake ya upana ni 0.9.
Hann, kwa jina la Julius von Hann, mtaalamu wa hali ya hewa wa Austria: desibeli 44, upana 3.1.
Hamming: desibeli 53, upana 3.3.
Blackman: desibeli 74, upana 5.5.

Desibeli 20 ni kupunguza sauti mpaka sehemu moja ya kumi. Desibeli 53 ni zaidi ya mara 400. Na namba ya upana inasomwa hivi: izidishe kwa idadi ya namba za sekunde moja, ugawe kwa idadi ya vizidishi, utapata ni hezi ngapi kichujio kinahitaji kutoka "nazuia" hadi "napitisha". Kwetu Hamming ilikuwa 3.3 mara 16,000 gawa kwa 881, karibu hezi 60. Yaani inazuia kuanzia 100 kushuka, inapitisha kuanzia 160 kupanda, katikati inapanda ngazi taratibu.

Someni tena hiyo orodha mtaona hakuna cha bure. Anayezuia vizuri zaidi ana ukingo mpana zaidi. Blackman kwa vizidishi 881 angehitaji hezi 100, toka 80 hadi 180. Hapo mlio wa 100 unapenya na sauti ya Koko inaguswa. Ukitaka azuie vizuri na ukingo uwe mwembamba, ongeza vizidishi, na mtetemo wa kabla na baada unarefuka. James Kaiser, naye wa Bell Labs, alitengeneza dirisha lenye namba moja ya kurekebisha, ili uchague mwenyewe unataka kusimama wapi kati ya hayo mawili. Lakini hata yeye hakuondoa bei. Alikupa tu nafasi ya kuchagua.

Tukapitisha Hamming ya 881. Milio ya 50 na 100 ikanyamaza. Mtetemo wa kabla ya kiganja hatukuusikia tena, juu sasa ulikuwa chini ya sehemu tatu za mia za sekunde. Hata upepo wa Kakuma uliokuwa ukigonga maikrofoni ulipungua, kwa kuwa upepo nao huunguruma huko chini. Ilikuwa karibu saa sita usiku. Kwa mara ya kwanza tulimsikia Koko akivuta pumzi.

Lakini bado kulikuwa na mlio wa 150.

Tukaona tusiishie njiani. Tukasogeza ukingo hadi 190. Mlio wote ukaisha, safi kabisa. Asubuhi tukamwita mjukuu, tukamvisha hedifoni, tukasimama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Alisikiliza dakika mbili. Akazitoa.

"Huyu ni Koko wa kwenye simu," akasema. "Mimi namtaka Koko wa nyumbani."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Simu za zamani hukata kila kitu kilicho chini ya hezi 300, na bado unamtambua mama yako, kwa sababu sikio linajaza lenyewe kile kilichokosekana. Unamtambua, ndiyo. Lakini ule uzito wa kifuani haupo. Sisi tulikuwa tumemtoa Koko kifua chake ili tuondoe mlio.

Tulijaribu mara ya mwisho. Hamming yenye vizidishi 5,281, ukingo mwembamba wa hezi 10 tu, tuupenyeze katikati ya mlio na sauti. Haikuwezekana. Jenereta haitulii: mtu akiwasha fotokopi inalegea, akiizima inakimbia, na ule mlio wa 150 unapanda na kushuka pamoja nayo. Na Koko alikuwa na desturi ya kushusha sauti mwisho wa sentensi, pale anapotaja jina la marehemu. Akishusha, anaingia mle mle kwenye mlio. Kila mwisho wa sentensi, jina lilififia. Kichujio hakijui lipi ni jina na ipi ni jenereta. Kinajua hezi tu. Vitu viwili vikikaa mahali pamoja, hakuna dirisha litakalovitenganisha.

Tukamweleza mjukuu yote haya kwa Kiswahili cha kawaida, bila desibeli. Tukamsikilizisha zote: ya 130 yenye mlio kidogo, ya 190 iliyo safi, na hii nyembamba. Alichagua ya kwanza. Tukasema lakini ina mlio. Akasema, "Acheni. Jenereta nayo ilikuwepo siku hiyo."

Ndiyo nakala iliyokwenda kwa mjomba wake aliye ng'ambo. Na hapa kuna jambo ambalo hatukulitegemea. Tulipomrekodi Koko tuliandika pia maneno yake kwenye daftari. Dakika ya 31 anataja kijito kilicho mpaka wa shamba la baba yake. Sisi tuliandika jina tulilodhani tumelisikia. Baada ya kuchuja tuliweza kupandisha sauti bila mlio kupanda nayo, na jina likasikika tofauti. Mjomba alipopokea nakala alituma ujumbe kuuliza kwa nini kwenye karatasi tumeandika kijito kingine, wakati Koko anasema vizuri kabisa. Siku moja mtu atarudi kutafuta shamba lile. Angekwenda na karatasi yetu, angesimama kwenye kijito cha watu wengine.

Lazima pia tukiri kosa lingine, ili msilirudie. Katikati ya majaribio mmoja wetu alihifadhi sauti iliyochujwa juu ya ile ya mwanzo. Kilichofutwa na kichujio hakirudi, hata ujue hesabu kiasi gani. Tuliokolewa na nakala iliyokuwa imesahaulika kwenye flashi ya mtu. Sasa sheria yetu ni kwamba sauti ya mwanzo haiguswi na iko mahali pawili.

Kwa vijana wenzetu: hesabu hii si ya wazungu wala ya chuo kikuu peke yake. Tulikuwa na kosaini ya sekondari, laptopu mbovu, programu za bure na kitabu kimoja. Ilituchukua wiki sita, na kila wiki kuna aliyetaka kuacha.

Kwa nyinyi mnaofanya kazi na mashirika: mkitaka kutusaidia kuhifadhi sauti za wazee, msianze na laptopu mpya. Anzeni na betri nzuri na hedifoni za bei rahisi. Chaja ingekuwa imechomolewa siku ile, tusingehitaji dirisha la mtu yeyote. Na mkituomba kusafisha rekodi yoyote, tutauliza kwanza wenye huyo mtu ni nani, ili wao wachague kipi kibaki.

Jumamosi hii tunakwenda kwa mzee mmoja wa Uvira ambaye amekuwa akitusubiri tangu mwezi uliopita. Tutakwenda hata laga ikijaa, tutazunguka. Anayetaka kujifunza aje saa mbili asubuhi, na aje na hedifoni zake. Betri tumeshaijaza.